MBWA MZEE NA MBWA MWENYE WOGA: TUWATUNZE NAMNA GANI?



Leo hatutaandika juu ya hesabu wala juu ya egzamu ya serikali. Tutaandika juu ya mbwa. Wengine watacheka na kusema: «Wafinalisti wamekosa kazi!» Lakini tangu mvua zirudi, kiwanja kizima kinasema habari ya Tigre, mbwa wa papa sentineli, na maneno yamekuwa mengi. Ijumaa ijayo sisi viongozi wa wanafunzi tutapeleka shauri letu kwa Prefe wa masomo, na yeye ndiye atakayekata neno. Tumeona ni vema kila mtu ajue kwanza mambo yalivyo, kisha aseme.

Yaliyotukia kila mtu anayajua. Tigre ana miaka 11 sasa. Juma lililopita alikuwa amelala nyuma ya jiko. Mtoto mmoja wa mwaka wa 7 akakimbia kwenda kuchota maji, akamruka. Tigre akashituka, akamkamata triko na kuipasua. Mtoto hakuumia, ngozi haikuguswa. Tena mwezi uliopita, radi ilipopiga wakati wa ibada ya asubuhi, Tigre aliingia ndani ya kapela akajificha chini ya meza ya mhubiri, akitetemeka mpaka mwisho wa maombi. Tangu hapo tunasikia maneno ya namna tatu. Wa kwanza wanasema: «Ile imbwa imezeeka, haina tena kazi, waitupe.» Wa pili: «Iko na mashetani, juu ikisikia radi inatetemeka sawa mutu wa malaria.» Wa tatu: «Waipe sumu ya panya, tumalize.»

Tuyatazame maneno haya moja moja.

1. MBWA SI MGENI KWETU

Wengine wanadhani kutunza mbwa ni desturi ya Wazungu tu. Si kweli. Watu wa misitu ya Kongo wamewinda pamoja na mbwa tangu zamani. Kuna aina ya mbwa wa kwetu wanaojulikana dunia nzima kwa jina la basenji: ni mdogo, masikio yake yamesimama, mkia umejikunja juu ya mgongo, na habweki kama mbwa wengine. Kwa kuwa habweki, wawindaji humfunga kengele ya mti shingoni ili wajue amefika wapi porini. Mbwa hawa walionyeshwa London mwaka wa 1895, na tena mwaka wa 1937, na watu wa kule walishangaa sana. Na hapa karibu, katika mbuga ya Virunga, tangu mwaka wa 2011 kuna kikosi cha mbwa wa kunusa ambao wanawasaidia walinzi kufuata nyayo za majangili.

Katika mji wetu wa Bukavu mbwa ni mfanyakazi. Kule Nguba na Muhumba analinda parseli usiku. Kule Kadutu na Bagira wengi wanatembea wenyewe na kula yanayobaki sokoni, lakini hata hao mara nyingi wana mwenyewe na wana mlango wanaourudia jioni. Mshahara wa mbwa ni bugali na mifupa. Shida inakuja anapozeeka. Sisi wote tunajua uchungu wa mtu aliyefanya kazi miaka 30, kisha akaenda nyumbani mikono mitupu. Mbwa naye hana pansioni. Siku anapoacha kubweka, ndiyo siku watu wanaanza kuuliza kwa nini anakula.

2. NAMNA MBWA ANAVYOZEEKA

Watu husema kwamba mwaka mmoja wa mbwa ni sawa na miaka 7 ya mtu. Hesabu hiyo ni ya kukadiria tu. Mbwa anakua upesi sana mwanzoni: mwisho wa mwaka wa kwanza yuko karibu kama kijana wa miaka 15, na mwaka wa pili unaongeza kama miaka 9. Baada ya hapo kila mwaka unaongeza kama miaka 4 au 5. Mbwa wakubwa wa mwili wanazeeka mapema kuliko wadogo. Kwa hesabu hiyo Tigre, ambaye ni wa kadiri, amepita miaka 60 ya mtu. Ni rika la babu zetu.

Sasa tazameni mwili wake, mtaelewa mambo mengi.

MACHO. Mboni za mbwa mzee zinapata rangi ya moshi, kama buluu. Mara nyingi anaona bado, ila si vizuri karibu, wala penye giza. Zikiwa nyeupe kabisa kama maziwa, hiyo ni mtoto wa jicho, na hapo anaweza kuwa kipofu.

MASIKIO. Mbwa kijana anasikia kuliko sisi: sauti nyembamba sana ambazo mtu hazisikii kabisa, yeye anazisikia. Lakini akizeeka masikio yanaziba polepole. Ukimwita asije, usiseme ni kiburi. Pengine hakusikia. Pua ndiyo inayomsaidia mpaka mwisho.

VIUNGO. Babu zetu wanalalamika juu ya rimatismu wakati wa baridi. Mbwa ni vilevile. Bukavu iko juu, karibu metre 1.500, na usiku wa mvua sima inakuwa baridi kama jiwe la mtoni. Mbwa mzee akilala juu ya sima, asubuhi anasimama kwa shida, anatembea kama ana miguu ya mti, mpaka jua limpashe moto.

MENO. Yanalika, yanaoza, kinywa kinanuka. Mbwa anaacha mfupa, watu wanasema «amekuwa mwenye kuchagua». Kumbe meno yanamuuma.

AKILI. Jambo hili wengi hawalijui. Mbwa naye anaweza kupotewa na akili ya uzee, kama mzee anayesahau majina ya wajukuu wake. Anasimama pembeni mwa ukuta hajui atoke namna gani. Analala mchana, usiku anazungukazunguka na kulia bila sababu. Anajisaidia ndani, yeye ambaye hakufanya hivyo tangu utoto. Wataalamu wa Davis, kule California, waliandika mwaka wa 2001 kwamba kati ya mbwa 100 wa miaka 11 na 12 waliowachunguza, kama 28 walikuwa na dalili moja au zaidi ya namna hiyo. Kwa mbwa wa miaka 15 na 16, walikuwa kama 68. Basi mbwa anayelia usiku wa manane mbele ya ukuta haoni pepo wala mchawi. Ni ubongo unaochoka.

Sasa turudi nyuma ya jiko. Mbwa ambaye hasikii vizuri, haoni vizuri, na viungo vinamuuma, amelala usingizi. Ghafula kitu kizito kinapita juu yake. Yeye hajui kama ni mtoto wa mwaka wa 7. Anajua tu kwamba ameshambuliwa. Hata babu yako, ukimruka hivyo usingizini, anaweza kukupiga fimbo kabla ya kufungua macho. Ndiyo maana papa sentineli anapiga kwanza mguu chini mara mbili kabla ya kumkaribia Tigre. Mbwa kiziwi anasikia mtikisiko wa udongo kwa mwili wake. Ni jambo dogo, lakini lingaliokoa ile triko.

3. WOGA SI MASHETANI

Bukavu ni mji wa vishindo. Tangu mwezi wa 9 mpaka wa 5 ni mvua na radi, na radi yetu inagonga milima na kurudi, halafu mvua inaanguka juu ya mabati mpaka mwalimu anaacha kufundisha. Tunakaa katika bonde la ufa, kwa hiyo ardhi nayo inatikisika. Wazazi wetu hawajasahau tetemeko la siku ya Mungu, tarehe 3 mwezi wa 2 mwaka wa 2008, na mengine madogo yaliyolifuata. Juu ya hayo kuna risasi. Mwezi wa 2 mwaka wa 2025, vita vilipofika katika mji, sisi wenyewe tulilala chini, mbali na madirisha. Mpaka leo kuna wenzetu ambao mlango ukigongwa kwa nguvu wanaruka juu ya kiti. Hatusemi kwamba wana mashetani. Tunasema wameona mengi.

Papa sentineli anatuambia kwamba tangu siku zile za 2025 Tigre hajalala tena penye mlango mkubwa. Kila kishindo ni risasi kwake. Je, mnyama anaweza kuchukua jeraha la namna hiyo ndani ya moyo? Anaweza, na jambo hilo limejulikana karibu miaka 100.

Yule munganga wa Urusi, Ivan Pavlov, aliyepewa zawadi ya Nobel mwaka wa 1904, tunamsoma katika biolojia: aliwafundisha mbwa mpaka wakatoa mate wakisikia ishara ya chakula. Lakini kitabu chetu hakisemi yaliyofuata. Mwezi wa 9 mwaka wa 1924 mto Neva ulifurika katika mji wa Leningrad. Maji yakaingia katika vizimba vya mbwa wa Pavlov, yakapanda mpaka wakawa wanaogelea, pua zikigusa sehemu ya juu ya kizimba. Wafanyakazi waliwatoa, ila milango ya vizimba ilikuwa chini, ikawabidi kuwazamisha kidogo ili wapite. Baadaye Pavlov aliona kwamba baadhi ya mbwa hao wamesahau yote waliyofundishwa. Kwa kuwatunza polepole, akili ilirudi. Kisha siku moja wakaacha maji kidogo yapite chini ya mlango wa chumba cha majaribio. Maji kidogo tu! Mbwa mmoja aliyekuwa amepona akaanza tena kutetemeka, na masomo yake yakapotea mara ya pili.

Basi Tigre chini ya meza ya mhubiri ni ndugu wa yule mbwa wa Leningrad. Kwake radi ni yale maji chini ya mlango.

Dalili za woga si kutetemeka tu. Mbwa mwenye woga anapiga miayo bila usingizi, analamba midomo bila chakula, anahema bila kukimbia, masikio yanalala nyuma, mkia unaingia katikati ya miguu, anageuza kichwa lakini macho yanakutazama kwa pembeni mpaka weupe unaonekana. Ukiona hayo, simama. Anakuambia: «Niache.» Usipomsikia atanguruma, na kunguruma ni onyo la mwisho. Mtu anayempiga mbwa kwa sababu amenguruma anamfundisha kuuma bila kuonya.

Hapa tunataka kusahihisha mawazo mawili yanayosemwa sana katika kiwanja. La kwanza: «Mumupige, woga utamutoka.» Fimbo haitoi woga. Inaongeza kitu cha pili cha kuogopa, yaani wewe. La pili: «Musimubembeleze, juu atazoea kuogopa.» Hilo nalo si kweli. Woga si kazi ambayo mbwa anaichagua ili alipwe, ni kama homa. Ukimfunika mtu mwenye homa, homa haiongezeki kwa sababu umemhurumia. Ukikaa karibu na mbwa anayetetemeka, ukasema naye kwa sauti ya chini, humdhuru. Kuna hata watu wanaowapa mbwa pilipili au kuwafunga gizani ili wawe wakali. Mbwa wa namna hiyo si mlinzi. Ni mwoga aliyepewa meno, na siku moja atauma mtoto wa nyumbani.

4. TUSICHANGANYE UZEE NA RAJI

Tunaingia sasa katika jambo la hatari. Wengine wanaogopa Tigre kwa sababu ya raji, ule ugonjwa ambao wengi wanauita wazimu wa mbwa. Woga huo una sababu. Raji inaua watu karibu 59.000 kila mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika, na karibu wote wameumwa na mbwa. Mtu akianza kuonyesha dalili, hakuna dawa ya kumponya. Lakini kabla ya dalili kuna chanjo, nayo inaokoa. Louis Pasteur aliitumia mara ya kwanza kwa mtoto Joseph Meister, tarehe 6 mwezi wa 7 mwaka wa 1885, na mtoto yule aliishi mpaka akawa mtu mzima.

Namna ya kutofautisha ni hii. Uzee unakuja polepole, kwa miezi na miaka. Raji inakuja kwa siku chache: mbwa mpole anakuwa mkali ghafula au mkali anakuwa mpole kupita kiasi, sauti inabadilika, mate yanamwagika, kinywa hakifungi, hawezi kumeza, anayumba, na kwa kawaida ndani ya siku 10 amekufa. Tigre amebadilika tangu miaka miwili. Anakula, anakunywa maji. Huo ni uzee na woga, si raji. Tena karatasi ya chanjo yake iko kwa papa sentineli. Iliyobaki ni kuangalia tarehe, kwa sababu chanjo lazima irudiwe kwa wakati uliowekwa na veterineri, mara nyingi kila mwaka.

Hata hivyo kila mmoja ashike sheria hizi kwa kichwa:

– Ukiumwa au ukikwaruzwa na mbwa yeyote, hata wa nyumbani, osha kidonda mara moja kwa maji mengi na sabuni dakika 15. Dakika 15 kwa saa.

– Siku ile ile nenda kituo cha afya au hospitali, uonyeshe kidonda, uulize chanjo. Usingoje kidonda kivimbe.

– Usipake mafuta wala pilipili. Usitegemee jiwe jeusi ambalo nyumba nyingi zinaliweka kwa ajili ya nyoka. Jiwe halitoi raji.

– Mbwa aliyeuma asiuawe papo hapo ikiwa anaweza kufungwa. Afungwe, aangaliwe siku 10 na veterineri. Akiwa mzima baada ya siku 10, hakukuwa na raji katika mate yake siku ile alipouma.

– Mbwa usiyemjua, anayeyumba na kumwaga mate, usimguse. Mwite mtu mzima.

Tunasema haya kwa sababu mbwa anayetunzwa, anayechanjwa na kueleweka, ndiye asiyewadhuru watoto. Kumtunza mbwa mzee ni kuwalinda pia wadogo zetu wa mwaka wa 7.

5. KAZI ZA KILA SIKU

Watu watasema kwamba hayo yote yanataka dola. Hapana. Mengi tunayo tayari.

PA KULALA. Mbao mbili tatu ili asiguse sima, magunia mawili juu yake, fasi isiyopitwa na mvua wala na watu. Magunia yapigwe jua kila juma ili viroboto visikae. Mbwa mwenye woga anataka tena fasi ya giza ambapo anaweza kuingia mwenyewe wakati wa radi, kama pembe ya depo ya kuni. Akiingia huko, asivutwe kutoka. Na wakati wa radi au risasi asifungwe mnyororo nje, maana anaweza kujinyonga.

CHAKULA. Bugali iliyolainishwa kwa maji ya sambaza, vichwa vya sambaza vilivyopondwa, wali uliobaki. Kidogo asubuhi, kidogo jioni, badala ya sahani moja kubwa. Asipewe makayabu yenye chumvi nyingi, wala vitunguu, wala chokoleti, ambavyo vinamdhuru. Mifupa ya kuku iliyopikwa inapasuka kama sindano na kutoboa tumbo. Maji safi yawepo saa zote, kwa sababu figo za mzee zinataka maji.

KUCHA NA MIGUU. Mbwa asiyetembea sana kucha zake zinakuwa ndefu na kumuumiza. Tena tuangalie funza katikati ya vidole. Funza wa mbwa leo ni funza wa mtoto kesho.

KUTEMBEA. Kidogo kidogo, asubuhi jua likitoka. Viungo visivyotumika vinakauka. Mbwa mwenye woga pia anatulia akitembea kila siku saa ile ile na mtu yule yule. Mambo yasigeuzwegeuzwe: sahani fasi moja, kitanda fasi moja. Kipofu anaijua nyumba yake kwa mazoea.

KUMWITA. Tangu zamani Tigre anajua neno «couché» na neno «njoo». Kwa kuwa masikio yanakufa, aonyeshwe ishara za mkono pamoja na maneno hayo: mkono chini, mkono kifuani. Macho yake yanaona bado mchana.

DAWA. Hapa tunaonya sana. Msimpe mbwa vidonge vya watu. Ibuprofeni na diklofenaki ambavyo tunanunua farmasi kwa maumivu ya mgongo vinaweza kutoboa tumbo la mbwa na kuua figo zake. Parasetamoli nayo inaharibu ini lake. Anayemhurumia kwa kidonge anaweza kumuua kwa huruma. Veterineri ana dawa za mbwa zenye kipimo chake.

6. SIKU YA MWISHO

Itafika siku ambapo Tigre hatasimama tena, hatakula, na kila pumzi itakuwa maumivu. Siku ile si dhambi kumwita veterineri amchome sindano ya usingizi ambao hataamka. Anasinzia, kisha moyo unasimama. Hiyo ni tofauti kabisa na sumu ya panya. Sumu ya panya inamchukua mbwa kwa masaa au kwa siku, katika maumivu na kutokwa damu. Na si yeye tu: kuku wakidonoa kile chakula watakufa, paka vilevile, na mtoto mdogo wa mfanyakazi anayecheza chini anaweza kuweka kipande kinywani. Anayeweka sumu katika kiwanja cha watoto 100 na zaidi hajui itamkamata nani.

Na akifa, tusimtupe ziwani wala katika Ruzizi. Maji yale wanayachota watu. Azikwe, shimo la metre moja, mbali na kisima na bustani.

7. «WATU WENYEWE WANA NJAA»

Neno hili tulilisikia kutoka kwa rafiki yetu mmoja wa humanités, na hatulidharau. Alisema: «Kwetu tunakula mara moja kwa siku, na ninyi mnaandika juu ya kitanda cha imbwa!» Ni neno zito. Hatusemi mbwa akule kabla ya mtoto. Lakini tumepima: chakula cha Tigre ni makombo ya meza zetu, yale yanayotupwa. Magunia ni ya zamani. Kupiga mguu chini mara mbili hakuna bei. Huruma tunayoomba hapa haitoi kitu kinywani mwa mtu.

Tena sisi ni shule ya kikristo. Mithali 12:10 inatufundisha kwamba mtu wa haki anajulikana pia kwa namna anavyojali uhai wa mnyama wake. Katika kitabu cha Kutoka, pumziko la Sabato lilitolewa kwa watu na kwa wanyama wao, na mtu aliamriwa kumsaidia hata punda wa adui yake aliyeanguka chini ya mzigo. Kama punda wa adui anasaidiwa, tuseme nini juu ya mbwa aliyetulinda sisi wenyewe? Na mtoto anayezoea kuona kwamba aliyezeeka anatupwa, atamtazama namna gani siku moja babu yake asiyeweza tena kulima?

8. SHAURI TUNALOPELEKA IJUMAA

Basi, sisi viongozi wa wanafunzi tunaomba mambo sita, na tunawaomba ninyi wasomaji mtuambie kabla ya Ijumaa kama mnakubali:

Kwanza, Tigre aachishwe kazi ya ulinzi wa usiku. Papa sentineli anaweza kulea mbwa mdogo, na mzee atamfundisha, kwa maana watoto wa mbwa hujifunza wakimfuata mkubwa.

Pili, apewe pembe ya depo ya kuni, na chokaa nyeupe ipigwe chini kuonyesha mpaka ambao mwanafunzi asiuvuke mbwa akilala.

Tatu, karatasi ya chanjo iangaliwe juma hili, na kama tarehe imepita, veterineri aitwe. Tutachangisha franka kwa hiari, darasa kwa darasa, asiye na kitu asilazimishwe.

Nne, wanafunzi wa mwaka wa 7 na wa 8 wafundishwe dalili za woga na ile sheria ya maji na sabuni dakika 15. Tuko tayari kuwafundisha sisi wenyewe, saa ya mwisho ya Jumatano.

Tano, zamu ya sahani na maji iandikwe ukutani kama zamu ya kufagia.

Sita, sumu ya panya ikatazwe kabisa katika kiwanja hiki, kwa mbwa huyu na kwa mwingine yeyote.

Yule mtoto wa triko iliyopasuka tumesema naye. Tulidhani atataka Tigre aondolewe. Alituuliza tu: «Njo kusema hakuniona?» Tukamjibu kwamba hakumwona wala hakumsikia. Akasema basi atapita njia ingine, ya upande wa bomba. Mama wa jikoni amekwisha kuishona triko yake.

Anayetaka kuongeza neno au kutupinga, aandike karatasi na kuitia katika sanduku la gazeti, penye mlango wa biblioteki, kabla ya Alhamisi jioni.

Viongozi wa wanafunzi